Tui la Kwanza

Kila mtoto wa mtaa wetu aliyejua kupiga mswaki alifundishwa na mwanamke ambaye mwenyewe hakuwa na jino jeupe hata moja. Tambuu ilikuwa imeyatia wekundu meno yake yote yaliyosalia, na yaliyosalia hayakuwa mengi. Alikuwa akikaa juu ya mkeka pale ukumbini, miguu ameikunja, kijaluba chake cha tambuu pembeni, akawaamuru watoto wafungue vinywa, naye akavichungulia kimoja kimoja huku anatafuna. Watoto hawakuona ajabu yoyote. Mimi niliiona, tena niliisema, na hakuna aliyenisikiliza.

Sote tukimwita Mwalimu, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa akiwasomesha Kurani watoto wa mtaa wakisharudi skuli, katika ukumbi wa chini wa nyumba ya mawe ambamo mimi na mume wangu tulipata vyumba viwili ghorofani, mara baada ya Mapinduzi. Kwao ni wapi, aliolewa na nani na waliachana kwa nini, hayo wanayo wenye kupenda kuyajua. Mimi nilimkuta palepale mkekani. Nitaeleza niliyoyaona kwa macho yangu, ingawa macho yenyewe, nisiseme uwongo, yalikuwa na wivu.

Wivu wa mke mwenza naujua kwa kuusikia tu, maana mume wangu hakuniolea mwenzangu. Lakini sidhani kama unauzidi ule niliokuwa nao kwa Mwalimu. Mume mwenye wake wawili ana zamu zake, siku yako ikifika anakuja kwako. Mwanangu Rukia, binti yangu wa pekee, hakuwa na zamu. Kila siku alasiri akishuka ngazi na msahafu wake kifuani, na akipanda jioni mdomo ulikuwa umemjaa Mwalimu. Mwalimu kasema tukinywa maji tusipumue kikombeni. Mwalimu hapendi mtu anayekwangua ukoko kwa kucha. Mwalimu kasema mtoto asiyelala mapema hawi mrefu. Nilikuwa nikishona kofia, hiyo ndiyo kazi yangu mpaka leo, na nikisikia hayo nilikuwa najichoma sindano.

Kisa ni kwamba yote hayo nilikuwa nimeshayasema mimi. Niliyasema asubuhi, nikayarudia mchana, na usiku nikayapigia kelele. Mtoto akiniangalia kama mtu anayesikiliza mvua inanyesha nje. Kisha anakwenda chini, anaambiwa mara moja na yule bibi wa meno mekundu, na neno langu linarudi juu limekuwa neno la Mwalimu.

Alichokuwa akikifanya huko chini si kitu kikubwa, na ndiyo maana kiliniudhi. Watoto wakishavua viatu wanapanga mstari mlangoni, wale wenye viatu na wale wasio navyo. Mwalimu hawasalimii kwanza. Anasema, "Lete mikono." Mtoto analeta mikono, inageuzwa juu na chini, kucha zinatazamwa. Anasema, "Fungua kinywa." Kinywa kinafunguliwa. Baada ya hapo ndipo mtoto anaamkia, "Shikamoo Mwalimu," naye anajibu, "Marahaba, kaa." Aliyekuja safi anakaa mbele, anasikilizwa wa kwanza, na akimaliza anaruhusiwa kwenda kucheza. Aliyekuja na kucha nyeusi anakaa nyuma ukutani, anangoja mpaka wenzake wote waishe, na huku anasikia kelele zao nje. Bakora ilikuwepo, imetundikwa kwenye msumari juu ya kichwa cha Mwalimu, lakini buibui alikuwa ameitandia utando kutoka mwanzo mpaka mwisho. Watoto walikuwa wakiuogopa huo utando, eti siku ukikatika ndiyo bakora imeshuka.

Nilijaribu kuiga. Nilimsimamisha Rukia mlangoni kwangu nikamwambia alete mikono. Akanitazama usoni, akacheka, kicheko cha kuona mtu mzima anacheza mchezo wa watoto.

"Mama, wewe si Mwalimu," aliniambia, akapita.

Pale mtaani kulikuwa na desturi ya kusemea. Mama akishindwa na mwanawe hamfungii ndani wala hamwiti babake. Humwambia, "Leo ntakwenda kukusemea kwa Mwalimu," na kama neno halikutosha, kweli hujitupia buibui lake, akashuka kabla ya watoto kufika, akamnong'oneza Mwalimu sikioni. Huyu wangu haogi, anajimwagia maji miguuni tu. Huyu wangu pesa zote za nauli anazila ubuyu na achari. Huyu wangu, hili naona haya kulisema, bado anakojoa kitandani. Mwalimu hutikisa kichwa, hutema tambuu yake kwenye kopo, basi. Halafu wakati wa kusoma humtazama mtoto yule kwa muda, hasemi kitu, anamtazama tu mpaka mtoto mwenyewe anaanza kulia na kuahidi. Sijui aliwatazamaje. Nilijaribu na hilo pia, kwenye kioo, nikajiona naangalia kama mtu anayeumwa na tumbo.

Wanawake wote wa nyumba ile walishuka kuwasemea watoto wao, mmoja baada ya mwengine. Mimi sikushuka. Shoga yangu wa chumba cha pili alinicheka.

"Bibi we, unaona tabu gani? Mwanamke wa watu hakudai hata senti."

"Mtoto nimemzaa mwenyewe," nilimwambia. "Kumlea nako nikaombe msaada?"

Nisingemwonea wivu kiasi hicho lau angekuwa anayafuata anayoyasema. Hayafuati. Aliwaambia watoto walale baada ya sala ya isha, na redio yake mwenyewe ilikuwa ikiimba taarab mpaka sisi wa juu tunagonga sakafu kwa mchi. Aliwaambia mtu mwenye adabu hali kitu njiani, wala hali kitu akiwa amesimama. Siku moja nimekwenda Darajani kutafuta uzi, namwona Mwalimu huyuhuyu amesimama kwa muuza maembe mabichi, buibui limeshikwa kwa kwapa, anakula embe la chumvi na pilipili na maji yanamchirizika kwenye kiwiko. Nilifurahi. Nilimsogelea makusudi ili anione ninamwona.

Hakushtuka. Alimaliza kipande chake, akajifuta midomo kwa ukaya wake wa kichwani, akasema, "Mamake Rukia, mie sina wa kunisemea." Kisha akaninunulia kipande na mimi.

Na sukari. Hapo ndipo alipokuwa na udhaifu wa kweli. Sukari guru ilikuwa haimwishii. Alikuwa na bonge lake limefungwa kwenye karatasi chini ya mto, na kila baada ya muda akilimegua kwa kisu kidogo cha kukatia popoo. Watoto wakimwona. Kama ingekuwa mimi, Rukia angenililia mpaka nimpe yote. Kwake hakuna aliyeomba.

Nakumbuka hasa hili, kwa sababu liliniuma kuliko mengine. Katika nyumba ile sahani zilikuwa zikipanda na kushuka ngazi mchana kutwa. Ukipika kitu unampelekea jirani chini ya kawa, naye hairudishi sahani yako tupu; hutia chochote, ndimu, kiganja cha chumvi, embe. Mwalimu hakuwa na shamba wala jamaa wa kumletea matunda, basi alikuwa akitia kipande cha sukari guru. Sahani zangu akizirudisha kwa mkono wa Rukia baada ya chuo cha Kurani. Mtoto huyu, ambaye nyumbani hawezi kupita mbele ya kopo la sukari asitie kidole, alikuwa akipanda ngazi zote zile na kipande kile katikati ya sahani, akakileta mpaka mkononi mwangu mzima, hata hakikulambwa.

"Hukuonja?" nilimuuliza siku moja.

"Mwalimu kasema ni cha mama."

Nilikula kile kipande mbele yake nikiwa na hasira, na kilikuwa kitamu.

Sasa nieleze habari ya tui. Anayepika anajua kwamba nazi ina tui la kwanza na tui la pili. Ukishakuna, ukikamua kwa maji kidogo unapata tui zito, la kwanza, ndilo linalotia mchuzi ladha. Ukirudia machicha yaleyale kwa maji mengi unapata la pili, jepesi, la kuchemshia. Mpishi mwenye akili huanza kwa la pili akamaliza kwa la kwanza, chungu kimoja. Mimi nilikuwa na vyungu viwili. Mwalimu alikuwa amenishinda kwa mtoto, na nikaapa hatanishinda kwa mchuzi. Basi mchana, Rukia yuko skuli, nilikuwa nikitenga cha Mwalimu mbali, nakitia tui la kwanza lote, nakipanga kwenye sahani yangu ya maua ya buluu, nashuka nacho mwenyewe. Nilitaka kila tonge analotia mdomoni aseme, ama mwanamke huyu anajua kupika. Cha nyumbani kwangu nilikimaliza kwa tui la pili, na mara nyingi nilikipakua huku nagomba.

Tulikaa hivyo mpaka Rukia akaanza kuugua. Sikuelewa mara moja kwamba ni ugonjwa. Niliona amekuwa mvivu. Akipanda ngazi anakaa katikati, anaegemea ukuta, anasema anapumzika. Ndani ya macho, ukimvuta kope, kumekuwa kweupe. Kisha nikaona ukuta wa ngazi una shimo. Kuta za nyumba zile ni za mawe na chokaa, na chokaa ikizeeka inameguka kwa kidole. Shimo lilikuwa kwenye kimo cha Rukia, pale pale anapokaa kupumzika. Mwanangu alikuwa anakula ukuta.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alimtazama kope, akampima damu, akaniambia ni safura. Minyoo imeingia kwa nyayo, kwa kutembea miguu mitupu uwanjani, imemnyonya damu, na mtoto aliyepungukiwa na damu anatamani udongo. Alimpa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Avae viatu, alisema, tena ale mchicha, dagaa na maini, na chokaa aache. Aliyasema kwa upole, yakasikika mepesi. Nilikwenda nayo nyumbani nikidhani kazi imekwisha.

Viatu alivivaa mpaka mlangoni, akavificha nyuma ya mlango, akaenda uwanjani miguu mitupu. Vidonge nilivikuta kwenye mfuko wa kanzu yake ya skuli. Ukuta niliupaka pilipili ya kusaga kuzunguka lile shimo lote. Yeye akahamia ngazi ya juu yake akaanza shimo jipya, na mimi nikajifuta jasho kwa mkono uleule, nikashinda natokwa na machozi. Mchicha, ambao sasa niliupika kila siku, ndio uliokuwa vita. Nilimshindilia tonge mdomoni, akalifungia shavuni, akaniitikia kwa kichwa kwamba amemeza, akaenda zake. Siku niliyousogeza mtungi wa maji ili nioshe chini yake, nilikuta nyuma yake marundo ya mchicha uliokauka, rundo juu ya rundo. Nilikaa chini nikalia. Niliogopa. Mtoto wa nyumba ya tatu alikuwa amezikwa mwaka ule, na yeye alianza hivyohivyo, kwa kupumzika ngazini.

"Kamsemee kwa Mwalimu," aliniambia mume wangu. Alikuwa kuli bandarini, mtu wa maneno machache.

"Siendi."

"Wenzako wote wanakwenda."

"Mie si wenzangu."

"Mtoto anakwisha, wewe unashindana na bibi wa watu," alisema, akatoka. Hakukosea. Nami sikwenda.

Lakini Rukia akaanza kupona. Ilikuwa taratibu, nikawa siamini. Akapanda ngazi bila kukaa. Midomo ikarudi rangi. Lile shimo la ukutani likabaki vilevile, halikuongezeka. Nilimshukuru Mungu, nikajishukuru na mimi, maana vidonge nilikuwa navivunja na kuvitia kwenye chai yake. Nikatembea mtaani kichwa juu: nimemponya mwanangu bila ya kumnong'oneza mtu.

Ndipo siku moja, tumekaa kula, nikampakulia mchicha akaisukuma sahani.

"Sitaki huu mchungu," alisema. "Mchicha wa Mwalimu mtamu."

Nilirudisha mwiko chunguni. "Unakula kwa Mwalimu?"

"Kila siku. Tukishasoma, wenzangu wakenda kucheza, mie ananambia nibaki. Wewe mama hujui kupika mchicha."

Mume wangu alicheka. Nadhani hakujua alichokuwa anacheka.

Kesho yake alasiri, nilipokisia kwamba chuo kimekwisha, nilishuka. Sikwenda kusemea, nilikwenda kugombana. Maneno nilikuwa nimeshayapanga, tena makali, ya tambuu na ya meno na ya kumlisha mwana wa mtu pasipo idhini ya mamake. Nilisimama nyuma ya mlango. Rukia alikuwa amekaa mkekani peke yake na bakuli la bati la Mwalimu mapajani, anakula kwa bidii, hanyanyui kichwa. Mwalimu hamwangalii. Ameshughulika na popoo zake. Mbele yake mwenyewe palikuwa na kikombe cha chai kavu na kipande cha mkate wa jana. Na juu ya kizingiti cha jiko, imeshaoshwa, imefutwa, na kipande cha sukari guru kimeshawekwa katikati, ilikuwepo sahani yangu ya maua ya buluu.

Nilikitazama kile kilichokuwemo bakulini. Nyanya nilizikata mwenyewe. Lile tui, nililikamua mwenyewe mchana ule.

Rukia alimaliza, akatoka uani kuosha bakuli. Niliingia. Maneno yangu yote yalikuwa yamenipotea, hata kumwamkia nilisahau.

"Mwalimu, ule si mchicha wangu?"

"Wako."

"Wote?"

"Mtoto hana damu, mamake Rukia. Nilimwona anasinzia mkekani. Nilingoja uje unisemee, hukuja. Basi nikatumia kilichokuwepo."

"Na wewe unakula nini?"

Akanyanyua kikombe chake cha chai, akanywa.

"Yeye anajua kwamba nimepika mimi?" niliuliza.

"Hajaniuliza."

"Mwambie. Akirudi hapa, mwambie sasa hivi."

Mwalimu alitema tambuu yake koponi, taratibu, kama alivyokuwa akifanya wanawake wakimnong'oneza. Kisha akanitazama, na pale ndipo nilipojua watoto walikuwa wanalia kwa nini.

"Ntamwambia ukitaka," alisema. "Lakini kwako keshazoea kukataa. Akijua ni ule ule, na hapa atakataa. Wewe ndiye mama. Unataka ale, au unataka ajue?"

Nilisikia maji yanamwagwa uani na Rukia anaimba. Nilipanda juu kabla hajarudi. Aliponifuata na sahani mkononi na sukari yangu nzima, nilimuuliza amekula nini huko, akanambia mchicha. Nikasema, haya.

Tangu siku ile nilipeleka vyakula viwili chini, kimoja cha Mwalimu mwenyewe na kimoja cha kuliwa na mwanangu kwa jina la mwanamke mwengine. Nilikuna nazi huku meno nimeyauma. Hata miaka ile mchele ulipokuwa wa foleni, na mtu anaamka alfajiri kushika nafasi ya mfuko wake, tui la kwanza lilishuka ngazi zile. Damu ya Rukia ikarudi yote. Akarefuka, akanipita mabega, akawa anavaa viatu bila ya kuambiwa. Na kila nikipika mchicha nyumbani, hata nilipoacha vyungu viwili nikamtilia tui zito kama la kule, husema ni mzuri, ila si kama wa Mwalimu. Sikumwambia. Nimefungua mdomo mara nyingi, nikaufunga.

Mara ya mwisho niliyokaa na Mwalimu ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Chuo alikuwa amekiacha, na sahani baina yetu zimekoma, maana alikuwa na ugonjwa wa sukari, mguu mmoja hauponi na macho yamemfifia. Mpwa wake alikuja kutoka Tunguu kumuuguza, na alikuwa mwanamke mpole, asiyeweza kumkataza mtu kitu. Siku hiyo alipanda kwangu anahema.

"Hali chakula," alinambia. "Siku zote hizi chai tu, na ile sukari yake, nimemsaka sijui anaificha wapi. Daktari kasema ale majani, ale samaki, na sukari aiache kabisa. Namwambia, ananitazama. Majirani wamesema kwamba wewe na yeye mlikuwa mkipelekeana chakula."

Nilimwambia nitakuja. Nilikuna nazi. Rukia alikuwa skuli, ni msichana mkubwa sasa, wa darasa la juu. Nilipika mchicha vile nilivyokuwa nikiupika, nikautia katika sahani ileile ya maua ya buluu, ambayo ilikuwa imepata ufa ukingoni, nikaufunika kawa, nikashuka.

Alikuwa amelala chumba cha nyuma. Ile bakora ilikuwa imehamishiwa humo, na utando wake haukukatika.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nani, mamake Rukia? Kama umeleta chakula rudi nacho. Sili."

"Lete mikono," nilimwambia.

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini mikono hakuleta. Aliiingiza chini ya shuka.

"Mwalimu, ntakwenda kukusemea."

"Kwa nani?" aliuliza, na safari hii hakucheka.

Niliondoa kawa, harufu ikatoka. Aligeuza uso upande wangu, macho yake hayaoni sawasawa, pua inatafuta.

"Nani kapika?"

Nilikuwa na jibu langu. Nilikuwa nalo miaka yote hiyo, tayari mdomoni, na hapa palikuwa na mtu mmoja duniani ambaye alilijua na angeweza kulithibitisha. Lakini niliuona mkono wake unavyobaki chini ya shuka. Chakula changu alikuwa ameshakikataa kabla hajakiona.

"Rukia," nilisema.

"Rukia wangu? Anajua kupika?"

"Anajua. Kasema nikuletee."

Mikono ilitoka. Nilimtilia maji akanawa, akala. Alikula polepole, kwa vidole vitatu, hakudondosha hata jani, na mpwa wake alisimama mlangoni amejishika mdomo. Alipofika nusu alitua.

"Mtoto huyu anajua kukamua tui," alisema. "Wako ulikuwa mzuri, mamake Rukia, sikatai. Ila huu umeuzidi. Kakushinda."

Sikuona usoni mwake dalili ya mzaha, nami nilimchunguza.

"Naam, Mwalimu," nilisema. "Kanishinda."

Alimaliza wote. Akaiomba sahani, akaipapasa kama imesafika, kisha akatia mkono ndani ya foronya ya mto, kwenye mshono, akatoa karatasi, na kutoka kwenye karatasi bonge zima la sukari guru, lile mpwa wake alilokuwa akilisaka. Alilitia katikati ya sahani yangu.

"Mpelekee mpishi," alisema. "Na wewe usionje. Ni cha Rukia."

Nilimwahidi. Nilitoka na sahani, nikaanza kupanda zile ngazi. Nilipofika pale penye shimo la ukuta, kwenye kimo cha mtoto, nilikaa kupumzika. Bonge lilikuwa kubwa, jeusi, linanuka muwa. Rukia alikuwa akipita hapa nalo na halilambi. Nilifikiri jinsi nitakavyompa na nitakavyomwambia, Mwalimu kasema umenishinda, naye atauliza kwa lipi. Nililimega ukingoni, kidogo tu. Kisha nikamega tena. Mchicha ule niliupika mimi, nazi niliikuna mimi, na tui la kwanza la maisha yangu yote lilikuwa langu. Nilipofika juu sahani ilikuwa tupu.